Nani Kamwambia Apumzike? Majibu Saba kwa Wanaomtoa Mtu Bustanini

Gisenyi ni mji wa Rwanda ambao mtu akipata hatua tano za ardhi nyuma ya jiko, atapanda kitu. Udongo ni wa volkeno, mvua zina misimu miwili kwa mwaka, na joto si la kuchoma, kwa kuwa hata ziwa Kivu lenyewe liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi. Ndiyo maana hukumu ya kumtoa mtu bustanini huuma zaidi hapa. Mama kavunjika nyonga, mzee kapata kiharusi, kijana karudi kutoka hospitali na mguu mmoja. Kabla hajazoea magongo, jamaa wamekwisha kupanga: jembe limehamia kwa mjukuu, kiwanja cha nyuma kinafikiriwa kujengwa chumba cha kupangisha, naye kawekewa kiti barazani atazame wapita njia.

Wanaofanya hivyo si watu wabaya. Wengi wanampenda kweli, na upendo haujibiwi kwa ukali, hujibiwa kwa hoja. Yangu ni moja: bustani ni maamuzi kwanza, nguvu baadaye. Nguvu huazimwa, hupunguzwa, hubadilishwa kwa kifaa. Mwenye kuamua nini kipandwe, wapi na lini, huyo ndiye mwenye bustani, hata akiwa ameketi. Basi nayachukua madai yanayosikika mitaani kwetu moja baada ya jingine. Lenye ukweli ndani yake nitalipa haki yake.

Dai la kwanza: "Mchagua jembe si mkulima."

Methali hii ilikusudiwa mvivu anayetafuta kisingizio. Kumtupia mtu ambaye mgongo wake haukunjiki ni kuituma isikotumwa.

Tazama yaliyotokea California. Kwa miongo mingi wafanyakazi wa mashamba ya mboga kule walilazimishwa kutumia jembe la mpini mfupi, wameinama kutwa nzima. Wenye mashamba walishikilia kwamba jembe refu lingeharibu miche. Madaktari wakaonyesha migongo iliyoharibika, kesi ikafika mahakama kuu ya jimbo, na mwaka 1975 jembe fupi likapigwa marufuku. Mboga za California hazikufa. Kilichobadilika ni urefu wa mpini.

Kwa hiyo yule ambaye bado anasimama lakini haiwezi kazi ya kuinama, mpini wake upimwe kwa kimo chake, ufike usawa wa kifua, na bapa la jembe liwe jembamba na jepesi. Anayefanya kazi akiwa ameketi anahitaji kinyume chake: sepetu ndogo ya mkono na uma mdogo. Ambaye vidole vyake havishiki sawasawa, mpini uzungushiwe mpira wa ndani wa baiskeli hadi unenepe, maana mpini mnene hushikika kwa nguvu kidogo kuliko mwembamba. Asiye na kiganja, kifaa kifungwe kwenye mkono kwa mkanda wa mpira huohuo.

Anayetilia shaka hili la mwisho amkumbuke Frederick Ndabaramiye. Mwaka 1998, akiwa kijana mdogo, wanamgambo waliliteka basi alilopanda, wakamwamuru awaue abiria wenzake. Alikataa, wakamkata mikono yote miwili. Leo anajulikana kama mchoraji, na ni mmoja wa waanzilishi wa kituo cha Ubumwe hapahapa Gisenyi, kinachofundisha watu wenye ulemavu. Mtu anayeongoza brashi ya rangi kwa mikono isiyo na viganja ametujibu kuhusu sepetu.

Tena, jembe lenyewe lina kazi ndogo kuliko tunavyodhani. Tuta likishachimbwa mara moja, likatiwa samadi na kufunikwa matandazo ya majani makavu, udongo wa volkeno hubaki mwepesi kiasi cha kufukuliwa kwa mkono. Kazi nyingine zote, yaani kusia mbegu, kuhamisha miche, kupunguza iliyosongamana, kupogoa, kusaka viwavi chini ya majani na kuchuma, zinataka jicho na subira. Kwa mwenye mwili uliobadilika, kuchagua jembe ndio ukulima wenyewe.

Dai la pili: "Gisenyi ni mawe na miteremko. Kiti cha magurudumu kitapita wapi?"

Mawe ni kweli. Chimba popote upande wa kaskazini wa mji utayakuta amakoro, mawe meusi ya volkeno, na wengi tumejenga kuta na nyua kwa hayo. Lakini jiwe linalozuia gurudumu njiani ndilo hilohilo linaloinua tuta likipangwa mahali pake. Ukuta wa mawe makavu, bila hata saruji, ukifika urefu wa sentimita 60 au 70, humletea mtu aliyeketi udongo mpaka mbele ya mikono yake. Upana nao una kanuni. Ikiwa tuta linafikiwa upande mmoja tu, lisizidi sentimita 60. Likifikiwa pande zote mbili, mita moja na ushei inatosha. Zaidi ya hapo katikati panakuwa pa magugu.

Kuna tahadhari moja kwa wajenzi. Udongo wetu hupitisha maji upesi, na tuta lililoinuliwa kwa mawe haya hukauka upesi zaidi. Changanya mboji au samadi kwa wingi, kisha funika juu kwa matandazo. Kwa kufuata hayo matuta ya mawe hayatakuwa majiko ya kukaushia mchicha.

Njia nayo inataka akili. Kokoto zilizomwagwa tu humeza magurudumu na kutelezesha magongo. Zinafaa changarawe laini, zimwagiwe maji na kushindiliwa mpaka zishikane, kwa upana wa mita moja. Penye mwinuko, kipimo kinachotumika sana duniani ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda ipewe sentimita 12 za urefu wa njia. Kupanda nusu mita kunataka njia ya mita sita. Kama mita hizo hazipo, basi nakubaliana na mpinzani wangu: kiti hakitapita. Lakini hapo lililoshindwa ni kumpeleka mtu kwenye bustani. Kuileta bustani mlangoni bado kunawezekana, na hilo ndilo jibu la dai linalofuata.

Dai la tatu: "Hayo matuta ya juu ni mambo ya wazungu, na ni gharama."

Dai hili linashangaza kusikika Rwanda, kuliko mahali pengine popote. Nchi hii imehimiza kwa miaka kila kaya iwe na akarima k'igikoni, bustani ya jikoni, ili kupambana na utapiamlo. Umbo lake linalojulikana zaidi ni la duara lililopandishwa ngazi kwa ngazi, pana chini na jembamba juu, karibu na nyumba. Ukilipandisha duara hilo ngazi moja zaidi na kuacha mwanya wa kuingilia kiti, umekwisha kujenga kile kinachoitwa cha kizungu.

Wasotho wamekwenda mbali zaidi. Huko Lesotho, kuanzia miaka ya 1990, ilienea bustani ya duara yenye ukuta wa mawe unaofika kiunoni, na mwanya mmoja unaofanana na tundu la ufunguo. Katikati husimamishwa kikapu kirefu cha fito ambamo hutiwa maganda ya jikoni na maji yaliyooshea vyombo. Unyevu na rutuba husambaa kutoka hapo hadi kwenye mizizi. Sababu mojawapo ya umbo hilo kupendwa ni kwamba UKIMWI ulikuwa umedhoofisha watu wengi, na bustani ilibidi iweze kuhudumiwa na mgonjwa na bibi mzee aliyeachiwa wajukuu. Walioiendeleza walianza na mtu asiye na nguvu, kisha wakauliza udongo ukae wapi.

Kibera, Nairobi, jibu lilikuwa gunia. Lisimamishe wima, weka kopo lisilo na kitako katikati, ulijaze mawe madogo, zungusha udongo uliochanganywa na samadi, kisha vuta kopo juu na urudie mpaka gunia lijae. Mawe yale hubaki kuwa nguzo ya kupitishia maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni, panda sukuma wiki, spinachi au lengalenga, na juu weka mche wa nyanya. Gunia moja lililosimama kando ya mlango linakuwa bustani ya kimo cha mtu aliyeketi, na linazungukwa bila kupanda wala kushuka.

Gharama? Mawe yapo. Magunia yaliyobebea viazi yapo. Madumu yaliyopasuka ya lita 20 hukatwa ubavu yakawa masanduku ya vitunguu. Mifuko laini ya plastiki ndiyo tusiifikirie, kwa kuwa Rwanda iliipiga marufuku tangu mwaka 2008. Nguvu za kujenga nazo tunazo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, umejengea wasiojiweza nyumba na umechimba mifereji. Ukuta wa duara la mita mbili kwa ajili ya jirani mwenye magongo ni kazi ya asubuhi moja, na mawe hayana bei.

Dai la nne: "Na maji je? Atabeba dumu?"

Hili ndilo dai zito kuliko yote, na wanaolitoa mara nyingi ni wanawake, ambao wanajua uzito wa maji. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Mtu mwenye magongo hana mkono wa kulibebea. Nimewaona watu wakiacha bustani zilizokuwa na kila kitu, matuta mazuri na mbegu nzuri, kwa sababu ya dumu tu. Anayetaka kumsaidia jirani yake aanzie hapo, kabla ya jembe na kabla ya tuta.

Lakini maji ya Gisenyi hunyesha juu ya bati. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita za mraba 40, ikipata mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua ya kawaida ya alasiri moja ya Aprili, imepokea lita 400. Toa kinachoruka na kumwagika, bado zinabaki lita 300 na zaidi, yaani madumu 15 ambayo hakuna mtu aliyeyabeba. Kinachotakiwa ni mfereji wa bati ukingoni mwa paa na pipa lililosimama juu ya mawe, kwa kimo kinachozidi kile cha tuta. Kutoka hapo maji hushuka yenyewe kwa mpira, na mwenye bustani anafungua koki tu.

Kiangazi cha Juni hadi Agosti pipa litakauka, sikatai. Hapo mambo mawili husaidia. La kwanza ni kupunguza: magunia mawili matatu badala ya kumi, na maji ya kuoshea mboga yarudi kwenye mboga. La pili ni kumwagilia kidogo kwa chupa iliyotobolewa kizibo na kuchomekwa kichwa chini karibu na shina, inayodondosha polepole bila mtu kusimama hapo. Na dumu moja la siku, ikilazimu, libebwe na mjukuu. Kwa nini hilo si aibu, nitalijibu mbele.

Dai la tano: "Ataanguka, ataumia. Apumzike, amefanya kazi ya kutosha."

Kuanguka si jambo la kupuuza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wazee ndio walio hatarini zaidi. Anayeogopa ana sababu.

Kosa ni kudhani kwamba kiti cha barazani ni salama. Misuli isiyotumika hunyauka, na miguu iliyonyauka huanguka hata ikielekea chooni. Shirika hilohilo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na kwa siku tatu za wiki waongeze yale ya nguvu na ya kusimama imara. Mwongozo huo ndio wa kwanza wa aina yake kuwajumuisha watu wenye ulemavu, na unahesabu kazi za nyumbani kuwa mazoezi. Kunyoosha mkono kuchuma, kuinuka kitini na kuketi tena, kugeuza kiwiliwili kufikia tuta la pili: mtaalamu wa viungo angekulipisha kwa kukufundisha hayohayo.

Kwa hiyo tuondoe hatari, tumwache mtu. Afanye kazi asubuhi, kabla jua halijawa kali na mwili haujachoka. Kiti kiwe na mikono ya kuegemea anapoinuka, wala si kigoda. Njia isiachwe na mpira wa maji uliolala katikati. Simu iwe mfukoni. Anayekunywa dawa za shinikizo la damu asiinuke ghafla.

Kuna hatari moja ya kwetu inayotajwa kwa nadra. Udongo mwekundu wa volkeno ukikanyagwa miaka mingi kwa miguu mitupu unaweza kuleta imidido, uvimbe wa miguu ambao madaktari huuita podokoniosisi. Chembe ndogo za madini hupenya ngozi na kuharibu njia za majimaji ya mwili. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2017 ulikuta wagonjwa katika wilaya zote 30 za Rwanda. Baadhi ya waliotolewa bustanini katika ukanda wetu walitolewa na ugonjwa huu, na wengine hutengwa kwa kudhaniwa wamerogwa au wanaambukiza. Hauambukizi. Kinga yake na nusu ya tiba yake ni viatu vinavyofunika mguu, kuosha miguu kwa sabuni kila siku na kuipaka mafuta. Mwenye imidido anaweza kulima tuta lililoinuliwa, kwa kuwa pale anaugusa udongo kwa mikono iliyovaa glavu na miguu yake iko ndani ya buti. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimepoteza hisia naye afuate kanuni hiyohiyo, maana amakoro hukata na yeye hatasikia.

Ama kusema amefanya kazi ya kutosha, hilo ni lake yeye kulisema.

Dai la sita: "Ukishasaidiwa, bustani si yako tena."

Dai hili husemwa kwa sauti ya chini, na wakati mwingine mwenye ulemavu mwenyewe ndiye anayelisema. Linahitaji jibu kamili.

Bustani iliyopata sifa kuliko zote katika ukanda huu ni ya Mugongo, nje ya Gisenyi, chini ya volkeno. Ilikuwa ya Rosamond Carr, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1912, aliyefika Kongo mwaka 1949 na kulinunua shamba la Mugongo mwaka 1955. Alilima pareto, kisha akawa mkulima wa maua. Mwaka 1994 alihamishwa wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo, akitimiza miaka 82, alirudi akakuta nyumba imeporwa. Akaanza upya. Desemba alifungua Imbabazi, kituo cha watoto yatima, katika jengo lililokuwa la kukaushia pareto, na ndiko Frederick Ndabaramiye aliyetajwa juu alikolelewa. Carr alifariki Septemba 2006 akiwa na miaka 94, na mpaka mwisho jina lake na bustani ile havikutenganishwa.

Je, alilima peke yake? Hapana. Alikuwa na wafanyakazi, na kwa miongo kadhaa alikuwa na Sembagare Munyamboneza, msimamizi aliyeshikilia mambo hata yeye alipokuwa mbali. Msomaji ataniambia: yule alikuwa mzungu mwenye shamba, usimlinganishe na bibi wa mtaa wa Majengo. Mimi nasema tuwalinganishe, maana hapo ndipo upendeleo wetu unapoonekana. Mikono mingi ilichimba Mugongo na hakuna aliyewahi kusema bustani haikuwa ya Madamu Carr. Inakuwaje bibi wa Majengo, akibebewa dumu moja na mjukuu wake, aambiwe bustani si yake? Mwenye uwezo akisaidiwa tunasema anaongoza. Asiye na uwezo akisaidiwa tunasema ameshindwa.

Mfano mwingine uko kwenye kivuko cha Petite Barrière, mpakani na Kongo. Kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wa Gisenyi na Goma wamevusha bidhaa mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu, zinazoendeshwa kwa mikono na kupakiwa mzigo mpaka dereva akakaribia kufichika. Penye mwinuko vijana husukuma kwa nyuma, wakalipwa. Sijasikia mtu akisema biashara ile ni ya wasukumaji. Mwenye baiskeli ndiye anayejua bei ya unga upande ule, anayemjua mteja, anayeamua leo wapakie nini.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na hakuna mwenye viungo vyote aliyewahi kulima bila kusaidiwa. Tuliitana kulima na kuvuna zamani, tunaitana umuganda leo. Ila msaada una adabu yake. Msaidizi afanye alichoombwa, asing'oe asichokijua, asipange mistari kwa mtindo wake. Akiona kosa, aulize kwanza: "Mama, hizi nazo nizing'oe?" Anayemnyang'anya mtu uamuzi ndiye anayemnyang'anya bustani.

Dai la saba: "Anapata nini hasa? Mboga si ghali, aende sokoni akanunue."

Mtu asiyeweza kutembea hadi nyuma ya jiko anaambiwa aende soko la Mbugangari. Safari ya soko ni nauli ya pikipiki, msongamano, na mzigo wa kurudi nao. Fungu la lengalenga lililo hatua tatu kutoka jikoni ni nafuu kuliko la sokoni, hata kabla ya kuuliza bei.

Tena faida si yake peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2019 hadi 2020 ulikuta theluthi moja ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Serikali inahubiri bustani za jikoni kwa sababu hiyo. Na baadhi ya bustani za jikoni hufa kwa kuwa wenye nyumba hushinda kazini na hakuna jicho linalobaki. Yule tuliyemweka barazani ndiye pekee anayekuwepo nyumbani saa kuku wa jirani anapoingia, ndiye anayeona viwavi siku ya kwanza. Umuganda umjengee tuta, halafu apewe madaraka.

Kuhusu nini apande, kaskazini magharibi mwa Rwanda kuna jibu la siku nyingi: maharagwe yanayopanda juu ya mishingiriro, miti mirefu ya zaidi ya mita mbili. Yalikuwa mazao ya ukanda wetu wa milimani kabla ya watafiti kuyasambaza kwingineko nchini kuanzia miaka ya 1980. Huzaa kwa urahisi maradufu ya yale mafupi, na kwa mwenye mgongo mgumu yana heri nyingine: maganda yananing'inia usawa wa uso na kifua, na huchumwa kidogo kidogo kwa majuma mengi. Marakuja nayo hutambaa juu ya uzio. Kinyomoro ni mti mfupi ambao matunda yake mekundu hufikiwa na mkono ulioinuliwa kidogo. Viazi na karoti, vinavyodai kuinama na kufukua, viachiwe wenye migongo ya kukodishwa.

Na maua je? Kuna wanaokubali mboga lakini wanaguna wakiona mtu mwenye ulemavu anamwagilia waridi, kana kwamba raha ni ya wenye miguu. Hawajawahi kumguna jirani mwenye gari anayepanda maua langoni kwake. Mtu haachi kupenda rangi kwa sababu ya nyonga. Mboga zina sababu ya tumbo, na waridi sababu yake ni kwamba analipenda. Sioni kwa nini sababu ya pili ihitaji kibali cha familia.

Mvua za umuhindo huanza Septemba. Kabla hazijafika, nyumba yenye mtu wa namna hii ina kazi tatu: mfereji wa paa na pipa, njia iliyoshindiliwa, na tuta moja la kimo chake. Mkianza na moja tu, iwe ya pipa. Mengine yote, mbegu gani, mistari iende wapi, waridi likae upande gani, mwenye bustani atawaelekeza.